Vocha ya msafiri mwenza

Vocha ya msafiri mwenza ni haki ambayo shirika la ndege au benki humpa mteja ili mtu wa pili asafiri naye katika ndege ileile bila kulipa nauli, au kwa kulipa sehemu ndogo ya nauli. Mara nyingi hutolewa kwa mwenye kadi ya mkopo aliyefanya manunuzi ya kiasi fulani katika mwaka mmoja. Pamoja na maili, pointi na hadhi ya mwanachama, vocha hiyo ni sehemu ya mipango ya uaminifu ya mashirika ya ndege.

Karibu vocha zote zina tarehe ya mwisho, lakini tarehe hiyo haina maana moja kila mahali. Kwa shirika moja ni siku ya mwisho ya kukata tiketi, kwa jingine ni siku ya mwisho ya kuondoka, na kwa jingine hakuna safari yoyote inayoruhusiwa baada ya siku hiyo. Kwa hiyo mwenye vocha anaweza kuikumbuka tarehe vizuri na bado akaipoteza vocha kwa kuwa aliielewa vibaya. Hadhi ya mwanachama nayo ina kalenda yake, na kalenda hiyo hailingani na ya vocha.

Historia

Mwaka 1978 Marekani ilipitisha sheria ya kuondoa udhibiti wa serikali juu ya nauli na njia za ndege. Mashirika yakaanza kugombania abiria, na kila moja likatafuta namna ya kumfanya mteja arudi. Texas International Airlines ilianzisha mpango wa kuhesabu safari za abiria mwaka 1979. Tarehe 1 Mei 1981 American Airlines ilizindua AAdvantage, na siku chache baadaye United Airlines ikafuata na Mileage Plus. Mipango hiyo miwili ndiyo iliyoigwa duniani kote.

Mwaka huohuo wa 1981 American ilianza kuuza AAirpass, kadi ya kusafiri daraja la kwanza bila kikomo maisha yote. Bei ya mwanzo ilikuwa dola 250,000, na baadaye mteja aliweza kuongeza dola 150,000 ili awe na kiti cha mwenza katika kila safari. Hii ilikuwa haki ya mwenza isiyo na tarehe ya mwisho, na shirika lilijutia. Baadhi ya wateja walisafiri mara maelfu, na mwaka 2008 American ilifuta kadi za wachache kwa madai kwamba walitumia vibaya nafasi ya mwenza. Tangu hapo ni vigumu kuona shirika likitoa haki ya aina hiyo bila kuiwekea mwisho.

Nchini Uingereza somo kama hilo lilitolewa na kampuni isiyo ya ndege kabisa. Mwaka 1992 tawi la Uingereza la Hoover, watengenezaji wa mashine za kufagilia mazulia, liliahidi tiketi mbili za ndege za kwenda na kurudi kwa kila mteja aliyenunua bidhaa za angalau paundi 100. Mwanzoni safari zilikuwa za Ulaya, kisha zikaongezwa za Marekani. Kampuni ilitarajia kwamba masharti na fomu nyingi zingewakatisha tamaa wateja walio wengi. Badala yake watu walinunua mashine wasizozihitaji ili wapate tiketi, kesi zikafika mahakamani, na hasara ikafikia takriban paundi milioni 50. Mwaka 1995 Hoover ya Ulaya iliuzwa kwa kampuni ya Candy ya Italia.

Sababu ya kuwekwa tarehe ya mwisho

Maili, pointi na vocha ni deni katika vitabu vya shirika la ndege. Kwa kanuni ya kimataifa ya uhasibu IFRS 15, inayotumika tangu Januari 2018, sehemu ya fedha ambayo mteja amelipa na inayohusu zawadi ya baadaye haihesabiwi kuwa mapato mpaka zawadi itumike au muda wake uishe. Kampuni huruhusiwa pia kukadiria ni kiasi gani hakitatumika kamwe. Kwa lugha nyepesi, vocha inayosahaulika ndani ya droo ni faida kwa mtoaji, na vocha inayotumika siku ya kawaida katika kiti ambacho kingebaki kitupu haimgharimu sana. Kinachomgharimu ni vocha inayotumika wakati wa Krismasi. Masharti mengi ya vocha huwa na maana zaidi yakisomwa kwa kukumbuka jambo hilo.

Aina za tarehe

Mfano wa tarehe ya kukata tiketi ni nauli ya mwenza ya Alaska Airlines, inayotolewa kwa wenye kadi ya mkopo ya shirika hilo nchini Marekani. Mwenza hulipa nauli ya dola 99 pamoja na kodi na tozo zinazoanzia dola 23, mradi tu msafiri wa kwanza amelipa nauli ya kawaida. Tarehe iliyoandikwa kwenye msimbo ni ya kununua tiketi. Safari yenyewe inaweza kuwa miezi mingi baadaye, kadiri ratiba ya shirika ilivyofunguliwa. Mtu aliyebakiwa na siku mbili kwa hiyo hajachelewa, akijua tu anakotaka kwenda.

Southwest Airlines, pia ya Marekani, ina mfumo tofauti. Mwanachama anayefikisha pointi 135,000 zinazostahili, au safari 100 za kwenda pekee, ndani ya mwaka mmoja wa kalenda hupewa kibali cha mwenza. Kibali hudumu kwa sehemu iliyobaki ya mwaka huo na mwaka mzima unaofuata. Mwenza husafiri mara nyingi apendavyo mwenye kibali, hata kama tiketi ya mwenye kibali imelipwa kwa pointi, na hulipa kodi na tozo tu, kuanzia dola 5.60 kwa safari ya kwenda ndani ya Marekani. Jina la mwenza linaweza kubadilishwa hadi mara tatu kwa mwaka. Hapa siku ya mwisho ni tarehe 31 Desemba, na mwenza hawezi kuongezwa kwenye safari ya baada ya siku hiyo.

Kutokana na hesabu hiyo, mtu anayefikisha pointi mwezi Februari hupata karibu miaka miwili, ilhali anayefikisha mwezi Novemba hupata mwaka mmoja na wiki chache. Wazoefu wa Southwest huchelewesha kwa makusudi manunuzi makubwa ya Desemba ili pointi ziingie Januari. Pia hakuna shida ya kutafuta kiti maalumu, kwa sababu maadamu kuna kiti kinachouzwa, mwenza anaweza kukipata.

Vocha ya British Airways

Vocha inayozua maswali mengi zaidi ni ile inayotolewa kwa kadi za American Express za British Airways nchini Uingereza. Kadi ya kulipia hutoa vocha ya miezi 24, na ile isiyo na ada ya mwaka hutoa vocha ya miezi 12. Vocha hutumika pamoja na Avios, yaani pointi za shirika hilo: watu wawili husafiri kwa Avios za mtu mmoja. Tangu mwaka 2021 anayesafiri peke yake anaweza kuitumia pia, akalipa nusu ya Avios, na vocha inakubalika katika ndege za Iberia na Aer Lingus.

Kinachotakiwa kutimia kabla ya tarehe ya mwisho ni safari ya kwenda. Mtu akiondoka siku moja kabla ya vocha kuisha, anaweza kurudi wiki tatu baadaye bila tatizo. Lakini kukata tiketi kabla ya tarehe hiyo kwa ajili ya kuondoka baada yake hakukubaliki. Mtu aliyezoea utaratibu wa Alaska ataona vocha yake inakataliwa.

Ugumu wenyewe uko kwenye viti. Vocha haitumiki kwenye kiti chochote kinachouzwa. Hutumika kwenye viti vilivyotengwa kwa ajili ya Avios, na British Airways hufungua viti hivyo siku 355 kabla ya safari, saa sita usiku ya GMT (saa tisa usiku ya Afrika Mashariki). Katika njia na siku zinazopendwa, viti vya daraja la biashara vinaweza kwisha mapema sana.

Chukua vocha iliyotolewa tarehe 10 Machi 2025 kwa miezi 24. Inaisha tarehe 10 Machi 2027, na mwenye nayo anaona ana muda wa kutosha. Kama familia inataka kuondoka London kwenda Nairobi tarehe 20 Desemba 2026, viti vya siku hiyo vilifunguliwa tarehe 30 Desemba 2025. Viti vya kurudi tarehe 5 Januari 2027 vilifunguliwa tarehe 15 Januari 2026. Kwa hiyo kwa safari ya Krismasi, siku ya maana ilikuja zaidi ya miezi 14 kabla ya ile iliyoandikwa kwenye vocha. Anayeanza kutafuta Septemba 2026 bado ana vocha halali, lakini anaweza kubaki na Jumanne za Februari tu.

Kwa kuwa viti vya kwenda hufunguliwa kabla ya vile vya kurudi, wazoefu hukata kwanza tiketi ya kwenda kwa kutumia vocha, kisha hupiga simu kwa shirika siku viti vya kurudi vinapofunguliwa ili waongezewe. Si kazi ya kupendeza, hasa kwa anayeamka alfajiri kwenda kazini, lakini ndiyo njia ya uhakika zaidi kwa siku za msimu.

Tiketi iliyokatwa kwa Avios inaweza kufutwa kwa ada hadi saa 24 kabla ya kuondoka. Avios hurudi, na vocha hurudi pia, ila ikiwa na tarehe yake ileile ya mwisho. Kufuta hakuongezi muda. Kwa sababu hiyo ni afadhali kushika safari yoyote inayofaa mapema na kuibadilisha baadaye, kuliko kusubiri safari nzuri kabisa ambayo huenda isipatikane.

Gharama zinazobaki

Neno "bure" katika matangazo ya vocha lichukuliwe kwa tahadhari. Mwenza hulipa kodi, tozo za viwanja na nyongeza za shirika kama abiria mwingine yeyote. Anayeondoka Uingereza hulipiwa kodi ya abiria wa anga, ambayo ni kubwa zaidi kwa safari ndefu na kwa madaraja ya juu. Watoto wa chini ya miaka 16 wamesamehewa kodi hiyo katika daraja la kawaida, jambo ambalo familia inaweza kulipigia hesabu inapochagua nani atumie vocha na wapi. Kwa safari fupi za Ulaya wakati wa promosheni, tiketi mbili za kawaida zinaweza kuwa nafuu kuliko vocha na Avios zikijumlishwa. Kwa mtu aliyebakiwa na wiki chache hilo ni jambo la kuzingatia, kwa maana hofu ya vocha kuisha humfanya mtu atumie fedha nyingi kuokoa kitu chenye thamani ndogo.

Hadhi ya mwanachama

Hadhi ni daraja ambalo mwanachama hupewa kulingana na safari au matumizi yake: fedha, dhahabu, platinamu na majina mengine kama hayo. Humpa foleni ya kipaumbele, mzigo wa ziada, launji ya uwanja wa ndege na uchaguzi wa viti. Hadhi ya juu hutambuliwa pia na mashirika mengine ya muungano uleule, yaani Star Alliance (ulioanzishwa mwaka 1997), oneworld (1999) au SkyTeam (2000).

Hadhi hupimwa siku ya safari. Mtu aliyekata tiketi akiwa na dhahabu, kisha hadhi ikaisha kabla ya kusafiri, atafika uwanjani kama abiria wa kawaida: mzigo wa ziada utalipiwa na mlango wa launji utafungwa. Ni kinyume cha vocha ya Alaska, ambayo huangalia siku ya kununua tu.

Tarehe zenyewe hutofautiana. Hadhi za Delta na United huisha tarehe 31 Januari na za American tarehe 31 Machi. Kwa British Airways, tangu mwaka 2025 mwaka wa uanachama huanza tarehe 1 Aprili kwa wanachama wote, na hadhi huisha tarehe 30 Aprili ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo anayepanga safari mbili kubwa, moja Aprili na nyingine Juni, aweke ile yenye mizigo mingi mwezi Aprili kama hana hakika ya kubaki na hadhi yake.

Zamani mtu aliyekaribia mwisho wa mwaka akiwa amepungukiwa kidogo aliweza kununua tiketi ya bei ya chini, akaruka mbali na kurudi siku hiyohiyo ili tu atimize maili. Safari za namna hiyo zimepoteza maana katika mashirika makubwa, kwa kuwa siku hizi mengi huhesabu fedha zilizotumika. Delta ilitangaza Septemba 2023 kwamba ingehesabu matumizi ya fedha pekee kuanzia mwaka 2024. Wateja walilalamika sana hadi mkurugenzi mkuu Ed Bastian akakiri hadharani kwamba shirika lilivuka mpaka, na baadhi ya viwango vikapunguzwa. British Airways ilifuata njia hiyo Aprili 2025, ikilibadili na jina la mpango wake, kutoka Executive Club kuwa The British Airways Club.

Flying Blue, mpango wa Air France na KLM, bado huhesabu pointi za uzoefu ziitwazo XP kwa umbali na daraja la safari. Mwaka wake ni wa kila mwanachama peke yake, si wa kalenda. Asiyefikisha kiwango hushuka ngazi moja tu. Mtu wa platinamu ambaye hakusafiri mwaka mzima kwa hiyo bado ana mwaka mmoja wa dhahabu mbele yake, na dhahabu inatosha kupata launji na mzigo wa ziada katika SkyTeam.

Hadhi hulingana na vocha katika jambo moja ambalo watu hulisahau: nayo inaweza kubeba mwenza. Mwenye hadhi ya juu katika miungano hiyo kwa kawaida huruhusiwa kuingia launji na mgeni mmoja anayesafiri siku hiyo. Safari ya vocha ikipangwa kabla hadhi haijaisha, wote wawili hufaidika.

Maili zenyewe zina muda wake. Avios hupotea baada ya miezi 36 bila shughuli yoyote katika akaunti. Shughuli ndogo, kama kukusanya au kutumia pointi chache, huanzisha upya muda wote. Vocha haina nafuu hiyo.

Afrika ya Mashariki

Vocha za kadi za mkopo hutolewa kwa wakazi wa nchi husika, hasa Uingereza na Marekani, hivyo Waafrika Mashariki wanaozipata ni wale wanaoishi huko. Hadhi na maili zinapatikana kwa yeyote. Kenya Airways ni mwanachama kamili wa SkyTeam tangu mwaka 2010 na sasa ina mpango wake, Asante Rewards. Kabla ya hapo wateja wake walikuwa katika Flying Blue. Ethiopian Airlines iko Star Alliance tangu mwaka 2011, na Qatar Airways iko oneworld tangu mwaka 2013. Mwenye dhahabu ya Flying Blue anayepanda Kenya Airways kutoka Paris hadi Nairobi hupewa mzigo wa ziada, na kwa anayerudi nyumbani na zawadi za ndugu hiyo ndiyo faida anayoiona kwa macho kuliko juisi ya launji.

Vocha ya British Airways hufika Nairobi lakini haifiki Dar es Salaam, kwani shirika hilo liliacha njia hiyo mwaka 2013, na vocha haikubaliki katika ndege za Kenya Airways wala Qatar Airways. Msafiri wa Tanzania hulazimika kukata tiketi nyingine kutoka Nairobi. Tiketi hizo mbili hazina uhusiano: ndege ya London ikichelewa na ile ya pili ikaondoka, shirika la pili halidaiwi kitu. Kulala Nairobi usiku mmoja, au kuacha saa nyingi katikati, ni sehemu ya gharama ya vocha kwa njia hiyo.

Wanaosafiri kwa ajili ya sikukuu wana hesabu nyingine. Idi hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo vocha ya miezi 24 hukutana na Idi mbili za kila aina, na moja inaweza kuangukia nje ya likizo za shule, wakati viti ni rahisi kupatikana. Krismasi haisogei, na viti vyake ni vigumu kila mwaka.

Jina la mwenza liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Wenye majina matatu, la kwao, la baba na la babu, mara nyingi hukuta fomu ina nafasi mbili tu. Kilichoandikwa kwenye mstari wa jina la ukoo katika pasipoti ndicho kinachofuatwa, na yaliyobaki huunganishwa katika nafasi ya kwanza. Mashirika mengi hayakubali kubadili jina la abiria baada ya tiketi kutolewa. Anayetaka kumpeleka mama badala ya dada hulazimika kufuta na kuanza upya, ikiwa viti bado vipo na vocha haijaisha.

Kuuza vocha au kiti cha mwenza hukatazwa na masharti ya karibu mashirika yote. Anayegunduliwa anaweza kufutiwa tiketi, pamoja na ile ya mnunuzi, na kupoteza akaunti pamoja na pointi zake zote.